Santuri Zilizoandikwa Tupu

Hakuwa na diploma. Hakuwa na kiti chenye mgongo mzima, wala dirisha, wala ufunguo wa choo cha wakubwa kilichokuwa ghorofa ya pili. Hakuwa na msaidizi, hakuwa na mjomba wizarani, na tangu mwezi uliopita hakuwa na jino moja la mbele. Na hakuwa na sikio la kushoto. Nyama yenyewe ilikuwapo, imekaa kichwani kama mgeni asiyepewa kazi, ila tangu surua ya utotoni haikupitisha hata mlio wa king'ora. Hilo lilijulikana na watu wawili duniani, yeye na mkewe.

Jumba zima la kumbukumbu lilimwita Sikio.

Jina alilipata kwa haki. Santuri ikizunguka kasi kuliko ilivyopaswa, hata kwa kiasi cha unywele, yeye aliijua kwa kusikia pumzi za msemaji tu. Siku ya kuajiriwa, mwuguzi alimvalisha hedifoni, akamwambia anyooshe mkono kila asikiapo mlio. Upande wa kulia ulipokwisha, mwuguzi aliinama kuandika, na katika kuinama huko mwenzetu akazigeuza hedifoni nyuma mbele. Sikio la kulia likafanya mtihani mara mbili, likafaulu mara mbili. Jioni ile mkewe alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akaacha kucheka, akamkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye akajibu kwamba hayo si maradhi, ni sikio.

Kazi yake ilikuwa kuhamisha sauti kutoka santuri za kale kwenda kwenye kompyuta. Hazikuwa santuri za muziki zile ambazo watu walipambia sebule zao. Hizi zilikuwa sahani za alumini zilizopakwa utando mweusi, zilizokatwa kabla ya kanda kuingia, kwenye vituo vya redio, mabarazani na kwenye tume za uchunguzi. Sahani moja ilibeba dakika kumi na mbili za maneno. Utando ukizeeka hukauka, hupasuka, hubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, na zipo ambazo zimebakiza uhai wa kuchezwa mara moja tu. Kila moja aliiosha kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni, kamwe si kwa spiriti, maana spiriti huila sauti kama mchwa aulavyo mlango.

Kichwa cha mashine yake kilitoa sauti kwa nyaya za pande mbili, kulia na kushoto. Yeye alizikutanisha kwa swichi moja ndogo, ili zote ziingie katika sikio lake zima, na kompyuta ikapokea kile kile alichokisikia yeye. Hakuna aliyemshangaa. Santuri za kale hazina kulia wala kushoto, na vitabu vya kazi vinaruhusu. Swichi ile aliibonyeza kila siku kwa miaka saba.

Santuri iliyotoa mvumo mtupu bila neno aliibandika karatasi yenye neno TUPU, kwa herufi kubwa alizojivunia. Kanuni ilitaka wasikilize watu wawili na watie sahihi wawili. Wa pili alikuwa mtunza stoo, mama wa makamo aliyeitwa Mama Rejesta kwa sababu hakuna kijiko kilichotoka jengoni bila kuingia kitabuni mwake. Lakini kwenye santuri tupu alitia sahihi bila kusikiliza. Alikuwa akisema, kama Sikio hajasikia, mimi ni nani nisikie?

Katika miaka saba zilifika arobaini na moja. Na Alhamisi moja, kwa kibali cha Mkuu mwenyewe, zilitolewa stoo na kupangwa kwenye makreti uani, zisubiri lori la vyuma chakavu la saa nane mchana.

Saa tatu asubuhi ya Alhamisi hiyo Sikio alikuwa anafunga sindano mpya. Sindano mpya hujaribiwa kwenye santuri isiyo na thamani, na yeye alikuwa amejibakizia moja kati ya zile arobaini na moja. Akaiweka mezani, akavaa hedifoni, akabonyeza swichi kwa mazoea. Kifuniko cha swichi kikabaki kidoleni mwake. Springi yake ndogo ikaruka, ikapotelea chini ya kabati.

Akatukana kidogo. Sindano ilikuwa imeshashuka, na katika sikio lake la kulia mwanamume mmoja akaanza kusoma vina vya mito. Daraja la juu, futi nne. Daraja la chini, futi sita na inchi mbili. Alisoma kwa utulivu, kama mtu aliyesubiri zamu yake miaka sitini.

Sikio alitazama karatasi iliyobandikwa kwenye ile santuri. TUPU. Mwandiko wake, herufi zake.

Akachukua bisibisi, akakandamiza mahali pa swichi. Kimya, na ule mvumo anaoujua. Akaachia. Futi tano, maji yanapungua. Akakandamiza tena, akaachia tena, mara tatu.

Hakuhitaji diploma kuelewa. Sauti kwenye santuri huandikwa ndani ya mfereji. Kwenye santuri nyingi sindano hutikiswa kwenda kulia na kushoto. Lakini zilikuwapo mashine za zamani ambazo mfereji wake ulipanda na kushuka, kama barabara ya vilima. Kichwa cha kisasa husoma aina zote mbili. Ila kwa hiyo ya vilima, waya wa kulia husukuma wakati wa kushoto unavuta, na ukizikutanisha zinafutana, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mmoja kutoka upande wake. Nguvu ipo, jasho lipo, mlango haujongei. Mwenye masikio mawili hangehitaji kuzikutanisha. Angesikia tangu siku ya kwanza.

Huenda nyingine kati ya zile arobaini na moja zilikuwa tupu kweli. Hakujua ipi ni ipi. Ila moja aliikumbuka hata namba.

Miezi minane nyuma alikuja mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, mkoba mapajani, akakaa kwenye benchi la mapokezi tangu milango inafunguliwa. Kaka yake alikuwa nyapara kwenye machimbo. Nguzo za shimo zilioza, shimo likaanguka, watu kumi na tisa hawakutoka. Tume ikaundwa, nyapara akatoa ushahidi, na ushahidi ukakatwa kwenye santuri tatu. Karatasi za tume ziliungua baadaye, na kilichobaki mdomoni mwa watu ni kwamba nyapara hakumwonya mtu. Alikufa na doa hilo. Dada yake alisema si kweli. Kaka alituma barua mbili kwa meneja kuhusu zile nguzo, na yeye dada ndiye aliyeziandika, akiwa darasa la sita, kwa sababu kaka hakujua kusoma. Kwa miaka sitini hakuna aliyemwamini. Walimwona mtoto aliyempenda kaka yake, halafu mwanamke aliyempenda kaka yake, halafu bikizee.

Sikio aliziweka santuri zile mashineni, moja baada ya nyingine, swichi imebonyezwa. Kisha akapanda mapokezi, akamwambia kwa heshima zote kwamba hamna kitu.

Yule mama hakulia. Alifunga mkoba wake, akasema, "Mwanangu, kaka yangu hakuwa mtu wa kunyamaza."

Namba zake zilikuwa mia sita na kumi na moja, kumi na mbili, na kumi na tatu. Zote uani, juani, na jua kwa utando ule ni kama moto kwa mshumaa.

Akaenda kwa Mama Rejesta, na hapa ndipo alipokosea kosa la pili. Angesema kweli saa ile, mambo yangekuwa mepesi. Badala yake alisema anahitaji santuri moja ya kujaribia sindano. Alisema moja kwa sababu kila siku ilikuwa moja. Angeomba tatu, angeulizwa kwa nini, na jibu lake lilikuwa limekaa upande wa kushoto wa kichwa chake. Mama Rejesta akamwandikia kikaratasi bila kuinua macho. Akashuka uani, makreti yalikuwa bado wazi, akaitoa mia sita na kumi na moja na kuifunika kwa shati lake la kazi.

Ilikuwa na hali mbaya kuliko alivyoiacha. Unga mweupe ulikuwa umetoka juu yake, akaufuta taratibu. Ufa mmoja ulianzia ukingoni ukaingia ndani, na karibu na katikati kipande cha utando, kama ukucha wa kidole kidogo, kilikuwa kimeinuka upande mmoja. Sindano ikikigonga kwa kasi, kingeruka na maneno yake. Akafungua mgongo wa kichwa cha mashine, na kwa kibano akazibadilisha nyaya mbili za upande mmoja, nyembamba kama nywele, ili kupanda kukutane na kupanda. Kisha akapunguza mzunguko ukawa nusu. Hiyo ndiyo njia ya kuvuka ufa, unatembea. Kompyuta ingerudisha kasi baadaye. Ila dakika kumi na mbili zingekuwa ishirini na nne, na hapakuwa na marudio.

Akashusha sindano.

Kwa nusu ya kasi, mtu husema kama ng'ombe anayeota ndoto. Sikio hakujaribu kuelewa maneno. Alikitazama kile kipande kilichoinuka kikija, kinapita, kinakuja tena, na kila mzunguko sindano ilikuwa imekisogelea kwa upana wa uzi. Mlango ukagongwa. Ukagongwa tena, na sauti ya Redio, tarishi wa jengo, ikauliza kama mzee amefia humo ndani. Sindano ikapanda juu ya kipande. Kikatetemeka. Sikio alikuwa na unyoya wa kusafishia mkononi, akaushusha mpaka ncha yake ikagusa ukingo wa utando, akakishikilia pale kama mtu anayemshikia mtoto nywele. Mizunguko tisa. Alihesabu. Kwenye wa kumi sindano ilikuwa imevuka, na kipande kikabanduka, kikaanguka pembeni, kikiwa kimeshasema kilichokuwa nacho.

Saa sita na nusu aliketi kusikiliza kwa kasi ya kweli. Swali la mwenyekiti wa tume. Kikohozi. Kisha sauti nzito ya mtu asiyezoea vyumba vyenye zulia:

"Nilimwandikia meneja mara mbili. Ya kwanza kabla ya masika, ya pili baada ya nguzo ya nne kuinama. Nilisema zimeoza, nilisema tutazika watu."

Mwenyekiti akauliza barua hizo ziko wapi, na kama shahidi anaweza kuandika mbele ya tume ili mwandiko ulinganishwe.

"Hapana, bwana. Mimi na kalamu hatujuani. Nakala ninazo, lakini mkono si wangu. Aliyeniandikia ni—"

Na mfereji ukaisha. Sahani ilikuwa imejaa. Neno lililofuata lilikuwa kwenye mia sita na kumi na mbili.

Alipofika uani, watu wa vyuma chakavu walikuwa wametangulia na mizani. Makreti yalikuwa yamepimwa, yamepigiliwa misumari, na juu ya kila kreti uzito umeandikwa kwa chaki. Msimamizi wao, mtu mpole mwenye penseli sikioni, alimweleza kwamba yeye hana neno, lakini kibali kina sahihi ya Mkuu, na kinachofungwa kwa sahihi ya Mkuu hufunguliwa kwa sahihi ya Mkuu. Lori lilikuwa njiani.

Akarudi kwa Mama Rejesta. Akafunga mlango, jambo ambalo halijawahi kutokea katika stoo ile, akamwambia yote akiwa amesimama. Swichi, vilima, nyapara. Na sikio.

Mama Rejesta aliiweka kalamu yake chini.

"Lipi?" akauliza.

"La kushoto."

"Miaka saba," akasema. "Miaka saba nakaa kushoto kwako kantini. Nimekusimulia ya mume wangu, ya wifi yangu, ya ile nyumba. Mambo ambayo dada yangu wa tumbo moja hayajui. Nikajisemea, huyu ni mtu wa siri, hajawahi kutamka hata moja."

"Sikusikia hata moja, dada."

"Nimeshaelewa."

Alikuwa amekasirika kweli, na hasira yake ilikuwa na haki, kwa sababu kwenye karatasi arobaini na moja sahihi yake ilikuwa chini ya ile ya Sikio. Akamwambia kwamba yeye akifukuzwa atakwenda wapi na umri ule, kwamba alitia sahihi kwa kumwamini mtu, kumbe anamwamini nusu mtu. Baada ya hapo akavuta pumzi, akatazama saa ya ukutani. Saa saba na dakika ishirini. Mkuu alikuwa ghorofa ya tatu, kwenye kikao na wageni wa wizara, na amri yake ilikuwa ile ile ya siku zote, asiingie mtu, isipigwe simu. Kitu pekee kilichopita mlango ule kilikuwa barua ya kikazi, iliyoandikishwa kitabuni na kubebwa na tarishi.

"Basi mwandikie," akasema Mama Rejesta. "Lakini usimwandikie uongo. Ukisema kuna hitilafu ya mashine, ataiweka kando mpaka kikao kiishe. Mimi namjua. Lazima asome kitu kitakachomwinua kitini."

Sikio alirudi chumbani kwake kisicho na dirisha. Kabla ya kushika kalamu alimpigia mkewe, mkono wa simu kwenye sikio la kulia kama kawaida. Akamwambia huenda leo akarudi nyumbani bila kazi na bila jina. Mke hakumuuliza imekuwaje. Aliuliza kama yule mama wa mkoba bado yu hai, maana alisimuliwa habari zake miezi minane iliyopita na hakuzisahau. Alipoambiwa yu hai, akasema, "Mimi nimelala upande wako wa kulia miaka thelathini na minne, na sijapungukiwa. Waandikie hao."

Rasimu ya kwanza ilianza na heshima nyingi, ikafika nusu ukurasa bila kusema kitu. Akaichana. Ya pili ilisema mashine imegundulika kuwa na kasoro. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa. Ilikuwa nzuri, ilikuwa na maneno ya vitabuni aliyojifunza madarasa ya jioni, na lawama yote iliangukia swichi. Mlangoni ukasikika mngurumo wa injini kubwa ikiingia getini kinyumenyume. Akaichana na hiyo.

Ya tatu aliiandika kwa herufi kubwa zile zile za TUPU.

"Mkuu. Mimi ni kiziwi wa sikio la kushoto tangu utoto, na nilidanganya siku ya kupimwa. Kwa sababu hiyo nilisikiliza vibaya santuri arobaini na moja nilizoandika kuwa ni tupu. Angalau mbili zina sauti, nimezithibitisha leo. Moja ni ushahidi wa nyapara wa machimbo, na unaendelea kwenye namba 612 na 613, ambazo zimo ndani ya makreti yanayopakiwa sasa hivi. Ndani yake kuna jina la mtu ambaye yu hai na anangoja kulisikia. Mtunza stoo alitia sahihi kwa kuniamini mimi, kosa si lake. Naomba usimamishe lori kwanza, mimi baadaye."

Akatia sahihi. Akaisoma mara moja, akaongeza saa.

Mama Rejesta alikuwa amekwisha kufungua kitabu cha barua zitokazo. Akaandika namba, akaandika kwa nani, kwenye safu ya "kuhusu" akasita, kisha akaandika "sauti". Saa saba na dakika arobaini na saba. Uani kreti la kwanza liliburutwa juu ya sakafu ya lori, na hilo Sikio alilisikia vizuri.

Redio alisimama mlangoni, mkono umenyooshwa, shingo imenyooshwa zaidi. Hakuna barua iliyopita mikononi mwake ambayo kantini haikuisikia kabla ya mwenyewe. Aliuliza, kwa mzaha wa kawaida, kama mzee anaomba kuoa tena.

Sikio aliikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye bahasha, akailamba gundi kutoka ncha hadi ncha, akaikandamiza mezani kwa ngumi. Mama Rejesta akagonga muhuri juu ya mkunjo, nusu kwenye mdomo wa bahasha, nusu kwenye mwili wake.

"Ghorofa ya tatu," Sikio akamwambia. "Mkononi mwake, si mezani. Na ukimbie, mwanangu."

Redio alimtazama usoni, akaacha kutabasamu, akaichukua barua na kupanda ngazi, mbili mbili.